Somo la Kanada Lililoniponza Seven Hills

Jamani, nicheke au nilie? Jumamosi iliyopita chama chetu cha Wakenya tunaoishi ughaibuni, hapa mtaa wa Seven Hills, kilipiga kura kuamua kama niendelee kuwa mwenyekiti. Kabla ya kura, ukumbini watu wangu waliwazidi wapinzani kwa mtu mmoja tu. Wasiwasi? Sikuwa nao! Dada yangu anaishi Kanada, na siasa za kule nazifuata kama mpira.

Nikasimama, nikahutubia kwa mbwembwe: "Wingi wa serikali ya Kanada bungeni ni mwembamba kama uzi! Wabunge wake wawili wakikwama kwenye theluji, bajeti imeanguka. Mmoja akinuna, mawaziri wote wanambembeleza. Kwa hiyo mtu wangu yeyote asitoke humu, hata kwenda chooni!"

Makofi! Nikiwa bado nimevimba kichwa, nikasikia harufu ya nyama inaungua huko nje. Nikamnong'oneza mume wangu aende akaigeuze, yeye na shemeji.

Mikono ikainuliwa. Mama Shiro, kinara wa wapinzani, akahesabu, akarudia, akatabasamu. "Pole, mwenyekiti wetu wa zamani."

Mlango ukafunguka. Mume wangu akaingia na sinia la mbavu, shemeji nyuma yake na kachumbari, nyuso zikimeremeta.

"Mama Kevo, tumeshinda kwa ngapi?"