Mashamba ya Njisi Yaliyovuka Songwe

Umewahi kumwombea mtu mabaya kwa sababu tu anaijua kazi kuliko wewe? Mimi nimewahi. Anaitwa Asifiwe, binti wa Mbugani aliyeishia kidato cha nne. Kwa miaka minne amezunguka mashamba ya kakao ya ushirika wetu akiwa na kifaa cha GPS mkononi. Hapimi shamba mpaka mwenyewe na jirani yake watembee naye pamoja. Wakianza kubishana kwenye mgomba wa mpakani, anakaa chini, anasubiri wamalize. Wazee humpa ndizi. Mimi mwenye shahada ya upimaji huniuliza, "Asifiwe yuko wapi?"

Swali hilo liliniwasha kama upupu.

Mwezi Juni mnunuzi alitangaza kwamba shamba lisiloonekana kwenye ramani yake kufikia Ijumaa saa sita mchana, kakao yake hainunuliwi. Yalikuwa yamebaki mashamba arobaini na moja ya Njisi. Katibu wetu, Ambwene, akanipa mimi kazi ya kuhamisha mipaka yake kutoka kompyuta ya ofisi kwenda kwenye hifadhidata ya mnunuzi. Nilifurahi kupita kiasi. Hatimaye kitu ambacho Asifiwe hajakisomea!

Programu iliniuliza vipimo vilichukuliwa kwa mfumo upi: wa ramani za zamani za serikali, au huu wa satelaiti. Asifiwe alikuwa meza ya pili. Ningeweza kumuuliza kwa neno moja. Sikumuuliza. Niliitazama ramani kuukuu ukutani, nikachagua wa zamani, na programu ikavigeuza vipimo vyote.

Alhamisi alasiri Ambwene akaifungua ramani ya mnunuzi. Mashamba ya Njisi yalikuwa ng'ambo ya Mto Songwe.

"Asifiwe! Umewapeleka watu Malawi bila hata pasi?" katibu akafoka.

Mzee Andongwisye, ambaye shamba lake linapakana na mto na alikuwa amekuja ofisini kuliulizia, alicheka. "Huko nina mashemeji, watanivunia." Kisha kicheko kikamkauka. "Lakini katibu, kakao yangu je?"

Mimi niliyehutubia chuoni juu ya haki za mkulima nilimwacha abebe lawama. Hata raha kidogo niliisikia, nakiri.

Asifiwe aliisogelea kompyuta. "Kaka Lugano, mbona yote yamesogea kusini mita mia tatu, sawasawa? Mguu wangu ukikosea, unakosea shamba moja. Haya yamesukumwa kwa pamoja." Hakupaza sauti. Hata utulivu ule nilimwonea wivu.

"Kesho alfajiri nitasimama na kifaa kwenye kona ya shamba lako, baba," akamwambia mzee. "Namba zikilingana na za kompyuta yetu, basi kosa liko kwenye kuhamisha."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilifika ofisini nimeazimia kusema ukweli, nikakuta kiti changu kina mtu. Asifiwe, matope ya Njisi bado miguuni, alikuwa ameshachagua mfumo wa satelaiti na alikuwa akiihamisha mipaka upya. Ambwene alisimama nyuma yake. Mzee Andongwisye alikuwa ameinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Lako hilo, baba. Limerudi."

"Ndaga fijo, mwanangu! Ndaga fijo!" mzee akamshukuru.

"Ni mimi niliyekosea," nikasema kutoka mlangoni.

Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wakiyatazama mashamba yakivuka mto kurudi nyumbani, moja baada ya jingine, na mzee akimtaja mwenye kila shamba kwa jina.