Nilipika Mbegu ya Wifi Yangu

Nimekosa. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nimekuja hapa kujitetea tangu mstari wa kwanza, ingawa mbele huko nitajitetea kidogo, na sitaona haya.

Mimi ni mwanamke wa huku visiwani, upande wa Mbwera. Shule yangu ni ndogo. Nimezoea kuandika mambo yangu mwenyewe, nasoma, nafuta, narudia. Hili nimelifuta mara nyingi. Leo naliacha.

Duka la maana kwetu ni Kibiti. Unavuka kwa mtumbwi mpaka bara, halafu unatafuta gari, na likikosekana unalala kwa watu. Duka la kijiji tulikuwa nalo, lakini miaka ile ya shida lilikuwa na kufuli na panya tu. Kwa hiyo tulikula vya kwetu: mpunga, muhogo wa kwenye mchanga, kaa, kamba waliochemshwa kwa chumvi na kuanikwa, samaki wa kubanikwa. Hatukuviita vyakula vya bei nafuu. Tuliviita chakula.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Boti ya injini ikaanza kuingia na barafu, inachukua kamba wabichi, inashusha sembe, sukari na mafuta ya kupikia mpaka pwani ya mlango wako. Yule bwana wa boti nisimsingizie. Hakunilazimisha kitu, na mizani yake sikuwahi kuiona ikiiba. Mimi mwenyewe ndiye niliyelewa.

Niliacha kuanika kamba. Kwa nini nianike, na kesho boti inakuja? Mpunga nikauza mpaka wa kula. Muhogo nikauachia nguruwe pori. Wenzangu wakipita na ungo wa muhogo mbichi, mimi nasonga ugali mweupe kama pamba, nao wananiita mke wa sembe. Nilikuwa nacheka. Jina lilinikaa vizuri.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mjane, hakucheka. Alisema, "Wifi, tumbo lako umelifunga kwenye injini ya mtu. Injini ikikohoa?"

Nikamjibu, "Wifi nawe, ulitaka nife na kinu mkononi?"

Mwaka huo binti yake alikuwa anajifungua Dar. Wifi akaniletea mbegu yake ya mpunga ndani ya kilindo, kile chombo cha gome la mti, akasema niiweke juu ya jiko langu, ipate moshi, wadudu wasiiingie, mpaka atakaporudi kupanda. Ndivyo tunavyofanya. Mbegu haikai katika nyumba isiyowashwa moto. Na mbegu hii si mpunga wowote. Ni ile inayovumilia chumvi. Bamvua ikija, maji ya bahari yanapanda kwenye mito midogo na kuingia mashambani. Mpunga wa kwetu unanyong'onyea, kisha unainuka. Mpunga wa bara unaungua. Mtoto wa huku anayejua kuogelea anajua na hilo.

Kiangazi kikakaza, kamba wakapungua, na boti nayo ikapungua. Mwisho haikuja kabisa. Mume wangu alikuwa kambi ya uvuvi, mbali. Sembe ikaisha.

Samaki mdogo hakukosekana, nisiseme uongo. Kaa walikuwapo topeni. Lakini mpe mtoto kaa asubuhi, kaa mchana, kaa jioni, bila kitu cha kushiba, uone tumbo lake. Mwanangu wa mwisho aliharisha mpaka macho yakazama.

Nikaangalia juu ya jiko.

Ningeweza kwenda kwa jirani kuomba muhogo. Nilijua mlango gani usingenifukuza. Lakini mke wa sembe aende na kikapu kitupu? Nilishusha kilindo, nikatwanga kidogo, nikapika uji na tui la nazi. Mtoto akanywa, akalala usingizi wa kweli. Siku ya pili nikatwanga tena, nikachanganya na papai bichi ili uende mbali. Nilijiambia nitarudisha. Nilijiambia hivyo mpaka nikaanza kugusa sakafu ya kilindo.

Sasa nisikilizeni. Kumpikia mtoto yule sijutii. Mashekhe waseme, majirani waseme. Mbegu ile ningeishusha tena hata leo, huku nikitazamwa.

Kosa langu liko hapa.

Mume wangu alirudi kambini na ng'onda, samaki wa kupasuliwa na kukaushwa, nikazipeleka Kibiti nipate mpunga wa kujaza kilindo. Pale sokoni nikakutana na mzee mmoja mkulima wa upande wa Mbwara, ile ya bara, si Mbwera yetu, mpunga wake msafi, umejaa. Akaniuliza, "Wa kula au wa kupanda, mama?"

"Wa kupanda."

"Unapanda wapi? Maana huu ni wa bara. Haujui chumvi."

Mzee wa watu alinionya bila kuulizwa. Nikamwambia nalima Ikwiriri, huko huko bara. Nimeishi miaka yote hii na uongo mwingi mdogo, lakini huo nausikia mpaka sasa kwa sauti yangu mwenyewe.

Nikaujaza kilindoni, nikakirudisha juu ya jiko, nikawasha kuni mbichi ili ushike moshi upesi.

Wifi akarudi mnene, na khanga mpya, na habari za mjukuu. Akafungua kilindo, akatia pua. "Mbona harufu changa?"

"Jiko langu si kama lako, wifi. Wewe unapika kama unafukuza nyuki."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Akaenda kupanda.

Bamvua ilikuja mche ukiwa bado mdogo. Mashamba ya jirani yalikunja majani, yakainuka. La wifi likageuka jekundu, kisha kijivu. Alisimama kwenye tuta akilitazama kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake.

Maneno yakaanza. "Kakaa Dar, kasahau kulima." "Kapanda kwa tarehe za mjini." Na yeye akayaamini! Hilo ndilo lililonikata. Alikuja kwangu kula, akawa ananiuliza, "Wifi, hivi nilipanda mapema? Au nilitia maji vibaya? Kichwa changu kimeanza kuniacha?" Nikamwekea samaki mkubwa kwenye sahani.

Mwishowe akasema ataacha shamba. Atampa mtu mwingine, yeye aende kukaa kwa binti yake, kwa kuwa mkulima asiyejua tena majira anawaharibia na wenzake. Alikuwa ameshakunja mkeka. Shamba lile alilipokea kwa mama yake.

Nikamfuata, nikamwambia yote. Uji, papai, ng'onda, mzee wa Mbwara, Ikwiriri.

 Akauliza, "Watoto walikula?"

"Walikula."

"Wakashiba?"

"Wakashiba."

"Basi hilo si deni. Mbegu ningeiomba nyumba yoyote, na wangenipa, tungerudisha wakati wa mavuno. Mbegu haiuzwi huku, wifi, hujui? Lakini uliniona najitilia shaka akili yangu, ukanipakulia samaki."

 

Shamba hakuliacha. Aliomba mbegu, akapanda, akavuna. Aliwaambia watu yeye mwenyewe, bila kuongeza neno, nami nikakubali mbele yao. Lakini kwangu hali chakula tena. Akija, anakaa mlangoni, anawapa watoto ilichobeba mikono yake, nikimkaribisha anasema ameshiba. Huyo ndiye mtu niliyekuwa nacheka naye kuliko wote. Labda nastahili, labda anazidisha. Nimelipima mara nyingi, na mizani yangu mimi siiamini.

Wapo waliosema, ndiyo hao watu wa visiwani, hawajui akiba, wangenunua chakula kama wenzao wa mjini. Hapana. Hilo silikubali. Akiba tulikuwa nayo, ilikuwa topeni, kwenye mchanga, juu ya moshi. Mimi ndiye niliyeiona ya kishamba. Siku hizi naanika kamba wangu hata boti ikipiga honi mlangoni, na muhogo nimeuzungushia ua wa miti. Wanaoniita mshamba waje wale, nitawapakulia.

Nanyi mnaokaa mbali na maduka kama mimi: boti ikija nunueni, si dhambi, lakini msizime moto wenu kwa ajili yake. Na njaa ikiwabana mkala cha mwenzenu, kuleni, mtoto ashibe. Halafu asubuhi hiyo hiyo, kabla sufuria haijaoshwa, nendeni mkamwambie.