Sikuwa Nimenuna

Kiharusi kiliniachia miguu yote miwili, ulimi mzima, na mkono wa kushoto mzito kidogo. Kilichoondoka ni hamu. Huzuni sikuwa nayo. Ningekuwa nayo ningeisema. Nilikaa tu kwenye kiti karibu na dirisha, hapa Beechmont, mtaa wetu wa ugenini, mabasi yanapita. Nikipewa chakula, nakula. Nisipopewa, siombi.

Kwetu Kivu, mwanaume anayenyamaza mbele ya sahani ya mke wake amenuna. Mama watoto akatafuta kosa lake, hakuliona. Basi akafanya linalofanywa: akaita familia. Kaka yangu mkubwa akaja kutoka Columbus, dada yangu akapanda basi kutoka Buffalo. Wakaketi sebuleni, soda mezani, na mke wangu akapiga magoti mbele yangu aombe msamaha wa kosa asilolijua.

"Bon, sema," kaka akaniambia kwa Kiswahili chetu chenye Kifaransa. "Amekukosea nini?"

"Hakuna."

"Donc umemuchoka?"

"Sijui," nikasema, na kweli sikujua.

Nilifahamu kwamba pale ndipo mtu anamwinua mke wake. Nilifahamu vizuri kabisa. Nikaangalia dirishani. Aliinuka mwenyewe, na jioni ile akahamishia mto wake chumbani kwa binti yetu. Nikaona sawa tu.

Binti ndiye aliyeeleza hali yangu hospitalini. Daktari akasema ni ugonjwa, si kiburi: kiharusi kimegusa sehemu ya ubongo inayomsukuma mtu aanze jambo. Wakanijaribu na sumaku. Hakuna kisu, hakuna sindano. Unakaa, wanaiweka kichwani, inagonga ta-ta-ta kama mtu anapiga sufuria kwa kijiko, unarudi nyumbani. Daktari hakuficha kwamba huenda isisaidie. Mke wangu alinipeleka kila mara kabla ya zamu yake ya kiwandani.

Siku moja mchana akaweka mezani bugali na sombe, yale majani ya muhogo, akageuka aende zake.

"Mama watoto," nikasema, "hii sombe haina chumvi."

Haikuwa na chumvi tangu nilipougua, daktari alikataza. Nilikuwa nimeila muda wote huo kimya.

"Rudia," akasema.

"Haina chumvi. Ni mbaya."

Akaketi sakafuni, akalia. Sikuhisi kitu kikubwa, nisikudanganye. Nilimwona tu yuko chini, nikatoka kwenye kiti, nikamwinua kwa mkono ule mzito.