Panzi wa Rangi Waliomwondoa Mama

Harufu ya senene, wale panzi wa kuliwa, wanaokaangika kwa mafuta yao wenyewe inaweza kumfufua mtu aliyezikwa jana, akaomba chumvi kabla hajauliza alikufa kwa nini. Siku hizi, msimu wa mvua, sokoni Bukoba wanawake wamekaa na masinia yao, wanauza na kutafuna, wanatafuna na kucheka, wala hakuna wa kuwakemea. Mimi huvuka barabara. Rafiki zangu husema ninaringa. Leo niwaambie ninyi kwa nini.

Nilipokuwa mtoto kule Nshamba, enzi za Mwingereza, senene walikuwa chakula cha wanaume. Kukamata tulikamata sisi, kunyonyoa mabawa na miguu tulinyonyoa sisi mpaka vidole vikawa vya kijani, na kukaanga alikaanga mama. Kisha chungu kilifunikwa kwa jani la mgomba, kikapelekwa kwa Tata, yaani baba, naye akala polepole akitazama mbali kama mtu anayesoma barua ya serikali. Bibi mzaa baba ndiye aliyekuwa askari wa mwiko huo. "Mwanamke akionja senene," alisema, "huzaa mtoto mwenye kichwa cha senene." Nilikuwa na miaka tisa hivi, sina mchumba wala haraka ya kuzaa, lakini nikilala nilikiona kichwa hicho kirefu kikidai kunyonya.

Tata alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na miiko ya kale aliicheka hadharani. Huu mmoja tu aliuacha uishi.

Mwaka huo senene waliteremka kwa wingi hata kuku walichoka kula, wakalala mchana. Nilinyonyoa tangu asubuhi, nikameza mate ndoo nzima. Mchana nikatoka kwenda rweya, ule uwanda wa nyasi nje ya kibanja chetu cha migomba. Hapo palikuwa na kichaka chenye utomvu mweupe kama maziwa, ambacho hata mbuzi wetu, aliyewahi kula kofia ya Tata, alikipita akigeuza pua. Juu yake walikaa panzi wanene, wa manjano, wekundu na weusi, utadhani wamevaa khanga za sikukuu. Hawakuruka. Nilinyoosha mkono, wakanitazama tu.

Nikapiga hesabu zangu. Kilichokatazwa ni senene. Hawa si senene. Basi hawa Mungu na bibi wamewaachia wasichana. Hata wakili angeshindwa kuivunja hoja hiyo.

Nilipowashika walitoa povu shingoni, lenye uvundo, nikalifuta kwenye nyasi. Mama alikuwa amechoma magugu pembeni mwa kibanja na makaa yalikuwa bado hai. Nikaokota kigae, nikawabanika. Rangi zote zikaondoka. Wakawa wa kahawia, miguu ikakauka, hungeweza kuwatofautisha na wale wa chunguni. Nikala wanane. Walikuwa wachungu kupita kwinini, lakini nikajiambia kwamba vitamu vya wakubwa ndivyo vilivyo. Hata kahawa wanayotafuna wazee ni chungu, na hawaiachi.

Kabla jua halijashuka nilikuwa nimelazwa, nyumba inazunguka kama jiwe la kusagia. Moyo ulipiga mara mbili, ukasahau ya tatu. Nilitapika mpaka nikadhani yatatoka na maziwa niliyonyonya utotoni. Bibi akaja na kijiti, akachokoa yale matapishi, akapiga yowe.

"Njooni mwone! Miguu ya senene! Nani kampa mtoto senene?"

"Si mimi, mama," mama alisema.

"Na aliyekaanga nani? Paka?"

Tata alikuwa ametoka kwenye kikao cha kanisa, Biblia ingali kwapani. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kelele.

"Mama Koku, ulimwonjesha?"

"Sikumwonjesha. Wala mimi sikuonja."

"Utaapa?"

Mama akaweka mkono juu ya ile Biblia, akaapa. Tata akaitazama miguu iliyokuwa sakafuni, akamtazama mama, kisha akanigeukia. "Koku, mama yako amekupa nini?"

Neno lilikuwa moja tu: panzi. Lakini juu ya mlango ilikaa fimbo ya Tata, na mimi nilikuwa nimekula mdudu wa porini kama mwendawazimu.

"Sijui," nikasema.

Mama alipiga magoti kando yangu. Mikono yake ilinuka senene. "Mwanangu, sema ulichokula. Usiogope."

Nikageukia ukuta.

"Senene ningesamehe," Tata alimwambia. "Lakini mtu anayeapa uongo juu ya kitabu hiki, siwezi kulala naye nyumba moja."

Kesho yake mama akaenda kwao Nshambya, kule upande wa Bukoba, mwendo wa siku mbili kwa miguu, na mkeka na kifurushi kichwani. Mimi bado nilikuwa kitandani. Nilijua atarudi Jumapili, kwa sababu Tata hakujua hata kumenya ndizi. Jumapili shangazi akaja kupika. Baadaye akaja mke mwingine, mpishi hodari, sina la kumsema.

Nilimwona mama mara chache tangu hapo. Alinisuka nywele, alinipa ndizi za kuchoma, hakuniuliza kitu, nami kila mara niliahidi moyoni kwamba safari ijayo nitasema. Lakini habari zilikuwa zimefika Nshambya kabla yake, maana umbea hauchoki miguu. Kanisani alikaa benchi la mwisho, na watu waliposogea kwenye Meza ya Bwana yeye alibaki ameketi. Akafa akiwa mwanamke aliyeapa uongo.

Mimi nikaolewa Kahororo, nikazaa watoto watatu, vichwa vyao vya kawaida kabisa, nikaanza shule ya usiku. Mwalimu wetu alikuwa ametoka pwani. Siku moja alituonyesha picha ya konokono wa baharini asiye na gamba, ana rangi nzuri kuliko bibi harusi. Akasema mdudu huyo hula sifongo, viumbe hai vya baharini vyenye sumu, yeye hadhuriki, sumu anaiweka ngozini mwake, na samaki akimdonoa humtema. Zile rangi ni onyo: niache. Akauliza kama kuna mdudu wa nchi kavu wa namna hiyo.

"Yupo," nikasema. "Panzi wa kichaka cha utomvu. Nilimla."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao, machozi yakinitoka.

Jumamosi nikaenda Nshamba. Tata alikuwa mzee, bado mzee wa kanisa, ameketi uani na blanketi magotini. Nikamweleza yote: kichaka, povu, kigae, hata konokono wa bahari ambayo sisi wawili hatujaiona. Alilivuta blanketi mpaka kifuani.

"Umemwambia nani?" akauliza.

"Darasa."

"Wa wapi?"

"Wa mjini, Tata."

Akashusha pumzi. "Basi usimwambie mtu wa hapa. Mama yako hatakuja kulisikia jambo hili. Mimi ninaishi nao hawa."

Nikamwambia, "Sawa, Tata."

Ile mara ya kwanza nilikuwa na sababu ya mtoto, fimbo ilikuwa juu ya mlango. Mara hii nilikuwa mtu mzima, mwenye cheti kinachokuja, mbele ya mzee asiyeweza kuinua hata kikombe bila kutetemeka, na bado nikasema sawa. Kwa miaka nilikuwa nimejidanganya kwamba kilichokosekana ni elimu, kwamba nikishajua jina la ile sumu nitamrudisha mama. Sumu nikaijua. Kumbe siku ile mama hakuhitaji elimu yoyote, alihitaji neno la mtoto wa miaka tisa.

Sasa Tata naye amezikwa, kwa heshima zote. Wale waliosogea mbele kanisani wakamwacha mama benchi la mwisho wamekwisha, mmoja baada ya mwingine. Hakuna tena wa kunizuia, ndiyo maana ninawaambia ninyi: mama yangu hakuapa uongo. Lakini ninyi hamkumjua, na hamkuwa mmemshuku.