Nimeitikia Dua Mpaka Wamenichagulia Jina

Admin, nifichie jina tafadhali, maana nusu ya majirani zangu wa Tudor wamo humu kwenye kundi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, Mrabai, mjane, Mkristo tangu utotoni. Nafanya kazi Mji wa Kale hapa Mombasa, kwenye nyumba moja ya kichochoroni karibu na barabara ya Ndia Kuu. Namwangalia mama mzee mgonjwa wa moyo: namwogesha, nampikia, nampa dawa. Nitamwita Ma Mkubwa. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walinitoa mikono mitupu, na mama huyu ndiye aliyenipokea. Hajaniita mfanyakazi hata siku moja. Kwake mimi ni "mwanangu".

Shida ilianza bintiye, nimwite Zuhura, aliporudi kukaa nyumbani baada ya kuachwa. Jamani, yule dada ana mdomo! Mimi nasukuma chapati, yeye yuko mlangoni. "Hebu nieleze, Mungu huzaa? Na watatu wawa mmoja vipi, hesabu gani hiyo?" Siku nyingine, "Yaani mwamwabudu mtu alotundikwa akashindwa kujitetea?" Na mimi si mpole, wanaonijua wanajua. Zamani ningemjibu mpaka atafute pa kujificha. Lakini kanisani tumefundishwa kwamba ukisemwa kwa ajili ya imani, ujibu kwa upole na heshima. Basi namwambia, "Dada Zuhura, mimi sina elimu ya kubishana. Najua tu alivyonishika mkono nilipofiwa." Kisha nageuza chapati yangu. Ndani roho inachemka, usoni natabasamu.

Sasa kosa langu liko hapa. Ma Mkubwa kila baada ya sala ya alasiri huinua mikono akaomba dua, na aliyemo chumbani huitikia. Huwaombea wagonjwa, wasafiri, marehemu wake, halafu mimi: "Yallah, muongoze mwanangu huyu, umuonyeshe ndia yako." Nami mikono juu, "Amin." Ningefanyaje? Mzee anakuombea, umnunie? Na moyoni nilijiambia, si hata mimi naomba Mungu aniongoze?

Kumbe Zuhura na majirani walikuwa wananisoma, wakiambiana: Habishi, aitikia dua, hujifunga mtandio, Ramadhani hali mbele yetu. Jumatatu ya wiki iliyopita naingia, nakuta majirani wamejaa ukumbini. Mmoja akanikumbatia, "Mabruk, mwanangu!" Nikauliza mabruk ya nini. Zuhura, yule yule, akaja analia kwa furaha, buibui jipya mkononi. "Dadangu, nisamehe kwa maneno yangu yote. Ijumaa ya wiki ijayo baada ya sala mwalimu aja kukutamkisha shahada. Mama ashakuchagulia jina, Salama." Mbele ya wageni wote wale, nimwambie nani nini? Nikasema asante. Asante! Mdomo huu.

Ma Mkubwa akaniita kitandani, akanishika mkono. "Mwanangu, kufa siogopi. Nilokuwa nikiogopa ni kwamba huko mbele sitakuona. Sasa tutaonana." Akalala usingizi mzuri ambao sijauona kwake muda mrefu.

Kanisani nako moto. Kiongozi wetu wa akina mama ameshapata habari, sijui nani kampelekea. "Upole gani huo? Upole wako ndio uliokuuza. Nenda ukawaambie mbele ya watu kwamba wewe ni wa Yesu, la sivyo kwaya usiikanyage tena." Nimemweleza sijakana kitu, anasema basi thibitisha. Jumapili iliyopita nilikaa benchi peke yangu.

Jana nilijikaza. Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Ma, nina jambo." Akanitazama kwa mato yake yale yaliyochoka. "Sema, Salama wangu." Nikamuuliza kama ataka uji. Nikaenda jikoni nikalia mpaka uji ukaungua.

Ijumaa ni kesho kutwa. Mchele wa biriani ushachambuliwa, na aliyeuchambua ni mimi mwenyewe, mnaona kichekesho hicho? Yesu simwachi, hilo sihitaji ushauri. Wala siwezi kutamka maneno matakatifu ya watu kwa uongo, hiyo ni kuwadhihaki walionilisha. Lakini daktari amesema moyo wa mama huyu hautaki mshtuko, na mshtuko wenyewe ninao mimi mdomoni. Nikisema nikimbie tu, nisionekane Ijumaa, nani atamgeuza kitandani? Zuhura hata dawa hazijui.

Tafadhali msitukaniane dini kwenye maoni, hayo nimeyasikia ya kutosha pande zote mbili. Nimechoka, sina wa kumuuliza, ndiyo maana nimekuja kwenu. Nishaurini jambo moja tu: mzee aliyelala akiamini mtaonana tena akhera, nimwamshe kwa maneno gani?