Kituo cha Kumi na Tatu

Mahali pengi nilipopita, Ijumaa Kuu msalaba hubebwa mabegani tu. Mulongwe, pale Uvira, kwenye kituo cha Yesu kushushwa msalabani, waumini huulaza mapajani mwa mama mmoja wa mtaa, naye huupakata kama Maria alivyompakata mwanawe, mpaka wimbo uishe.

Mama Rénovat alikikwepa kituo hicho tangu vita vilipomchukua mwanawe huko Luberizi. Mwili haukurudi. Misani alikwenda, lakini hakuimba tena. Ijumaa Kuu moja katekista Hyacinthe alimfuata mlangoni.

"Mama, leo ni weye."

"Maria walimurudishia mutoto wake. Miye, wangu iko wapi?"

"Sijui, mama. Lakini kuja."

Alikuja. Aliketi chini, akanyoosha miguu, wakamlazia ule mti mzito.

"Katekista, utamuvunja mama miguu!" jirani alilalamika, watu wakacheka kidogo.

Wimbo ulipoisha, wanaume wawili waliinama kuuinua msalaba.

"Muache kwanza," mama alisema, akiufuta vumbi kwa pindo la kitenge chake. "Wangu sikumupakata."

Hyacinthe akaanza wimbo upya, na safari hii Mama Rénovat aliimba.