Jirani Yetu Choka Mbaya

Jina tulimpa sisi, mimi na wanawake wenzangu wa kwetu, Jumapili moja, sebuleni kwangu Thamesmead, huku Uingereza, tukiwa tumeshiba. Jirani yangu, mama mmoja ambaye mlango wake unatazamana na wangu, alikuwa amepita koridoni na mbwa wake, kavaa suruali ya mazoezi iliyopauka magotini, sigara kaipachika sikioni, meno mawili ya mbele hana. Rafiki yangu niliyetoka naye Tanga, ambaye ulimi wake haujui likizo, akasema, "Shoga, na huyu naye ni mzungu? Huyu ni mzungu choka mbaya!" Tulicheka mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo hakuwa na jina lingine kwetu.

Nieleze utamu wa jina lile, ingawa si wa kujivunia. Kwetu maskini choka mbaya wamejaa na hatuwacheki hivyo, maana wengine ni ndugu zetu wa damu. Kilichotuchekesha ni neno mzungu kukaa mbele yake. Tulikuja nchi hii tukiamini mzungu huzaliwa na nyumba na gari lake, tukamkuta mmoja anahifadhi kipisi cha sigara ili akimalizie jioni. Sisi ndio tunaowaogesha wazee wao, na wapo wanaotuambia tunawe mikono mara mbili kabla ya kuwagusa. Basi yule mama alipotokea tulimpokea kama zawadi. Hatimaye na sisi tulikuwa na mzungu wa kumdharau.

Idi ilipofika nilimpelekea pilau, kwani jirani ni jirani. Kesho yake bakuli likarudi limeoshwa likang'aa, ndani hamna kitu. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Utatia japo ndimu mbili, japo kipande cha muwa. Jumapili nikalitoa bakuli lile niwaonyeshe wenzangu, kama askari anayeonyesha ushahidi. "Si niliwaambia?" akasema rafiki yangu. "Kachoka mpaka adabu!" Hakuna aliyekumbuka kwamba Waingereza wote hurudisha vyombo hivyo hivyo, wenye bustani na wasio na bustani. Tuliosha vyombo vyao miaka yote hiyo na bado tukamhukumu kwa sheria ya Tanga.

Binti yangu alikuwa jikoni, anasikia. Kazaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Wageni walipoondoka akasimama mlangoni akasema, "Mum, that's racist."

"Mzungu habaguliwi," nikamjibu. "Njoo siku moja kazini kwangu uone nani anambagua nani."

Akasema hafananishi, ya kazini kwangu anayajua. Anachouliza ni kimoja tu: angekuwa mama mweusi ndani ya suruali ile ile, mngecheka? Nikamwambia akaoshe vikombe.

Swali lake lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Tusingecheka, na sababu yake ndiyo iliyonitia aibu: tungeona ni kawaida. Ili mzungu maskini achekeshe, lazima kwanza ukubali kwamba umaskini ni wa kwetu sisi, na kwamba yeye kauvaa kwa makosa. Nilikuwa nimekubali siku nyingi bila hata kuulizwa. Kama ule ni ubaguzi wa rangi au ni kumdharau maskini tu, wenye elimu watabishana. Mimi nilijisikia mchafu. Na Jumapili iliyofuata, jina lilipotajwa, nikacheka tena.

Kisha vyombo vikaanza kurudi na vitu. Nikipeleka mbaazi za nazi, bakuli linarudi na kopo la maharage. Nikipeleka maandazi, linarudi na supu ya kopo, ile ya bei ya chini kabisa dukani. Wenzangu wakayapanga makopo yale juu ya meza wakayafanyia mzaha. Mimi nilifurahi kwamba kajifunza, wala sikujiuliza kajifunza kwa nani.

Nilikuja kujua nikiwa kwenye basi, juu, naenda kwa mzee wangu wa zamu ya mchana. Basi lilisimama kwenye taa karibu na kanisa, mahali wanapogawa chakula cha msaada, na kwenye foleni nikamwona jirani yangu na mbwa wake. Alipokea mfuko mmoja mdogo. Jioni ile bakuli langu likarudi na kopo la pichi.

Nilimuuliza binti yangu kama ni yeye aliyemwambia habari za chombo kutorudi kitupu. Alikubali, macho yamejaa machozi. Alisema alitaka tu tuache kumcheka. Nikakaa kitandani nikiwa bado na koti la kazini. Tulikuwa tunamla yule mama, kopo kwa kopo, huku tukimcheka.

Ningeweza kuacha kumpelekea chakula, lakini hicho nacho alikihitaji. Nikajiona nina akili: nikampelekea biriani kwenye trei ya foili, zile za kutupa, nikamwambia kwa msisitizo kwamba hii hairudishwi, akimaliza aitupe. Akanishukuru, akaingia ndani.

Jumapili tumekaa, mlango ukabishwa. Nilifungua wazi, nikidhani ni mgeni aliyechelewa. Alikuwa yeye. Trei ile aliiosha, akainyoosha mikunjo yake kwa vidole mpaka ikarudia umbo lake, na katikati yake ameweka kopo la njegere.

"Jamani!" rafiki yangu akapaza sauti nyuma yangu. "Choka mbaya kaosha mpaka foili!"

Sebule ikalipuka. Sitasema nilitabasamu kwa adabu. Nilicheka, kwa sauti, nikiwa nimemwangalia usoni. Na yeye, alipoona watu wanacheka, akacheka pamoja nasi, kafunika mdomo kwa mkono sababu ya meno yake.

"Wanacheka nini, mpenzi?" akaniuliza.

Wote walimsikia, wakangoja kuona nitakavyojinasua. Binti yangu alikuwa amesimama na birika.

"Wananicheka mimi," nikasema.

Uso wake ukabadilika. Alichungulia juu ya bega langu, akawanyooshea kidole wageni wangu mmoja mmoja, watu wazima na vitambaa vyao vizuri vya kichwani. "Msimcheke huyu," akasema. "Huyu anafanya kazi kama punda, na bado ananikumbuka. Kwenye jengo hili zima hakuna mwingine anayenibishia mlango. Mkimcheka tena nitawasikia, kuta zetu ni nyembamba."

Kisha akanipa trei, akanipigapiga mkono, akavuka korido na kufunga mlango wake. Rafiki yangu alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake.

Binti yangu akauliza, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili, polepole, ili kila aliyekuwepo asikie. "Mama, utamwambia ukweli?"

Trei bado iko juu ya friji yangu. Njegere sijazifungua. Kila jioni namsikia anaongea na mbwa wake ng'ambo ya korido, na mimi najiuliza kama na yeye, Jumapili zote zile, alikuwa akitusikia.